Barua ya Mtazamaji wa Hanang

Miaka ile ngano ya Hanang ilipokuwa bado mali ya serikali, shamba moja kati ya yale mashamba makubwa lilikuwa na televisheni ukumbini. Ilifungiwa ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa karakana, na kila Jumapili saa tisa alasiri jenereta lilipowashwa, watu walikuja na viti vyao: madereva wa trekta, wake zao, walimu, wahudumu wa zahanati, na wengine waliotembea kutoka Nangwa. Walikuja kutazama mchezo wa Jumapili. Lakini wengi wangekuambia kwamba walikuja pia kumsikiliza Natalia Margwe.

Natalia alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya meneja, mzaliwa wa Bashay, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mke wa Theodory aliyeendesha kombaini, mashine ya kuvunia ngano. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyeinuka mpaka yeye aseme neno. Alichukia michezo ambayo watu wake hawana kazi.

"Tazameni yule baba," alisema siku moja. "Anaingia, anakaa kwenye kochi, anaanza kugombana. Ametoka wapi? Viatu havina hata vumbi. Na mama naye tangu mchezo uanze hajashika ufagio. Familia gani hiyo, kugombana tu bila hata kupika?"

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Alichukia pia mwigizaji anayeanza kulia kabla hajaambiwa habari mbaya. Alipoulizwa ni filamu gani basi aliyoipenda, alitaja ile aliyoiona akiwa msichana mdogo, siku gari la sinema lilipofika Bashay na kuonyesha picha kwenye ukuta wa shule. Ilikuwa ya baba anayempeleka mtoto mgonjwa hospitali kwa miguu. "Baba yule hakusema nakupenda mwanangu hata mara moja," Natalia alieleza. "Kila upepo ulipovuma alimfunika mtoto kwa koti lake. Basi. Nyumbani watu wanapendana hivyo."

Aliyekaa kushoto kwake kila Jumapili alikuwa Getruda, muuguzi mkunga wa zahanati, mtu wa Songea aliyepangiwa kazi huku miaka sita nyuma. Getruda alifuma vitambaa huku akitazama na hakusema mengi. Urafiki wao ulianza mwaka wa mvua kubwa, Natalia alipopoteza mimba ya miezi saba. Barabara ya Katesh ilikuwa imekatika, hakuna gari lililopita, na ni Getruda aliyempokea mtoto yule asiye na pumzi, akamwosha na kumfunga kwenye kitambaa cheupe. Kisha akakaa na mama yake siku tatu. Siku ya tatu, Natalia alipokuwa amegoma kula, Getruda alimsimulia jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu yeyote upande huu wa nchi. Kule kwao alikuwa na binti. Alimzaa akiwa kidato cha tatu, na mama yake mzazi akamchukua mtoto na kumlea kama kitindamimba wake mwenyewe ili Getruda arudi masomoni. Mtoto aliitwa Zita. Alimwita Getruda dada.

"Nilifungwa kifua kwa kanga ili maziwa yakauke," Getruda alisema, "na mtoto analia chumba cha pili, anapewa maziwa ya ng'ombe. Nililia siku tatu kama wewe. Sasa kula."

Natalia alikula.

Sasa, mwaka huo tunaousimulia, mchezo wa Jumapili ulikuwa na mwanamke aitwaye Hidaya, aliyeishi nyumba moja na mwanawe huku akijifanya dada yake. Sehemu ile siri ilipofichuka, ukumbi ulilipuka. Mwalimu Reginald, mkuu wa shule ya msingi ya pale shambani, alisimama.

"Huyo si mama," alisema. "Mnyama anatambua mtoto wake. Mwanamke anayemkana mtoto aliyemzaa hana tofauti na aliyemtupa."

Wengi walipiga makofi. Natalia alimtupia jicho Getruda. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kitambaa, kisha vikaendelea. Natalia akanyanyuka amjibu mwalimu, hoja zikiwa tayari kichwani, lakini kabla hajafungua kinywa jenereta lilikohoa na kuzimika. Dizeli ilikuwa imekwisha. Watu wakabeba viti vyao wakaondoka, na Natalia akabaki na maneno yake kooni.

Maneno yale hayakumpa raha. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, wenzake walipotoka, aliingiza karatasi kwenye taipu ya ofisi. Gazeti moja la kila wiki lilikuwa na ukurasa wa maoni ya watazamaji, na Natalia alikuwa ameshaandika huko mara mbili bila kuchapishwa. Juu ya ukurasa ule mhariri aliwakumbusha wasomaji kila wiki: toeni mifano ya maisha halisi.

Alianza kwa kumtetea Hidaya. Aliandika kwamba watazamaji tunapenda kuhukumu kwa sababu tumekaa kwenye viti. Aliandika kwamba mwandishi wa mchezo amekosea kumfanya Hidaya avae vizuri na kucheka, maana mama wa namna hiyo hachekicheki. Hapo akasita. Alijuaje? Msomaji atauliza umejuaje. Akakaa akitazama dirishani, kule ngano ilikokuwa inaanza kugeuka rangi, na kisha vidole vikaenda vyenyewe.

"Namfahamu muuguzi mmoja katika shamba letu la ngano huku Hanang, mtu wa kusini. Naye alizaa akiwa shule, na mtoto wake hadi leo anamwita dada. Alifungwa kifua kwa kanga ili maziwa yakauke, huku akisikia mtoto analia chumba cha pili. Alilia siku tatu. Mhariri, huyo naye tumwite mnyama?"

Alisoma tena akaona ni barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Sijataja jina, alijiambia. Na ninamtetea. Akaweka saini, akaweka na jina lake kamili na mahali alipo, akaipeleka posta pamoja na barua za meneja.

Wiki nne zilipita, mavuno yakaanza, na Natalia akawa amekata tamaa. Kumbe gazeti lilikuwa limekwama Arusha na bidhaa nyingine za shamba. Gari lililileta Jumamosi, na Jumapili Mwalimu Reginald akaingia nalo ukumbini akiwa amelishika juu.

"Mama Natalia ametutoa kimasomaso!" alisema. "Jina la shamba letu limetoka gazetini. Tulieni niwasomee kabla mchezo haujaanza. Na mimi nimepingwa humu, lakini nakubali, nimepingwa na mtu anayejua kuandika."

Watu walishangilia. Natalia alijifunika uso kwa mkono kama mtu anayeona aibu, lakini nyuma ya mkono alikuwa anatabasamu. Nafasi ya kushoto kwake ilikuwa wazi, kwa sababu Getruda alikuwa zamu. Mwalimu alisoma kwa sauti yake ya darasani, akisimama kwenye kila nukta. Aya ya kwanza, watu wakatingisha vichwa. Aya ya pili wakacheka pale pa Hidaya na nguo zake. Kwa muda wa aya hizo mbili Natalia alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Hanang.

Kisha mwalimu akasoma, "Namfahamu muuguzi mmoja."

Neno lililokuwa dogo kwenye karatasi lilijaza ukumbi. Natalia alisikia kanga, alisikia maziwa, alisikia chumba cha pili, yote katika kinywa cha mwanamume, mbele ya watu mia moja. Mkono aliojifunika nao uso akashindwa kuuondoa. Mwalimu naye alikuwa ameanza kupunguza sauti, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, lakini alimaliza.

Hakuna aliyepiga makofi. Zahanati ilikuwa na wauguzi wawili tu wanawake, na wote wawili walitoka kusini. Getruda alikuwa mtu mzima, mtulivu, msomaji wa masomo kanisani. Mwingine alikuwa Ludovika, msichana wa Masasi mwenye miaka ishirini na mbili, mwenye kicheko kinachosikika hadi karakana, ambaye mwezi wa kumi alikuwa afunge ndoa na Hermani, fundi wa matrekta. Ludovika alikuwa amekaa mstari wa tatu. Vichwa vikageuka kimoja kimoja mpaka vyote vikawa vinamtazama.

"Mbona mnanitazama mimi?" Ludovika aliuliza. Akacheka kidogo. "Jamani? Mimi sina mtoto."

"Hakuna aliyesema," mwanamke mmoja alijibu, kwa sauti ya mtu anayesema.

Hermani alikuwa kando yake. Alisogeza kiti chake mbali naye kama upana wa kiganja, na Natalia akaona. Ludovika alimgeukia Natalia.

"Dada Natalia, waambie basi. Si ni wewe uliyeandika? Waambie siyo mimi."

Natalia alifungua kinywa. Akisema siyo Ludovika, amesema ni Getruda. Wauguzi walikuwa wawili.

"Nili... niliandika tu kama mfano," alisema. "Mambo ya magazeti. Siyo mtu wa hapa."

"Si umeandika shamba letu?" mwalimu aliuliza kwa upole, akiangalia karatasi.

Televisheni ikawashwa, mchezo ukaanza, na ikawa nafuu kwa kila mtu isipokuwa Natalia na Ludovika. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza Natalia maoni yake.

Nyumbani alimsimulia Theodory yote. Theodory alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza huku akijinawa vumbi la makapi shingoni.

"Getruda alikuruhusu?" aliuliza.

"Sikutaja jina."

"Nimekuuliza kama alikuruhusu."

Theodory akajifuta uso, akasema, "Nenda kwake kabla gazeti halijamfikia," akatoka kwenda kufunga ng'ombe.

Hakwenda. Jumatatu alisema kazi ni nyingi. Jumanne alifika hadi kwenye uzio wa zahanati, akaona watu wengi, akarudi, na njiani akajisikia nafuu kwamba watu walikuwa wengi, kisha akajichukia kwa ile nafuu. Jumatano alikwenda na kupanga foleni kama mgonjwa, maana hakujua njia nyingine ya kuingia. Zamu yake ilipofika Getruda alikuwa mezani akiandika kwenye daftari. Hakuinua kichwa.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, Getruda. Nimekuja..."

"Kama huumwi, pisha mgonjwa."

"Naomba dakika moja tu. Nilikuwa nakutetea. Mwalimu alisema neno baya, na wewe ulikuwepo, nikaona lazima mtu ajibu. Na jina sikutaja."

Getruda akaweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu pembeni, kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Mimi nilikuomba unitetee?"

"Hapana."

"Yale ya kanga hata na mama yangu hatuyasemi. Nilikuambia ili ule. Ulikuwa unakufa njaa mbele yangu." Alisema polepole, sauti ya chini, kwa sababu nje ya pazia kulikuwa na watu kwenye benchi. "Na yule msichana huko ndani anafua mashuka na kulia tangu Jumapili. Jana mama yake Hermani ametoka Nangwa kuja kumuuliza kama kweli ana mtoto. Umemwambia nini yule mama?"

"Sijamwambia kitu."

"Basi na mimi usiniambie kitu. Mwingine aingie!"

Natalia alitoka akipita mbele ya benchi lile, na wanawake waliokaa pale wakamwamkia kama kawaida, mmoja akamuuliza kwa heshima, "Umepona, mama?" Akaitikia kwamba amepona.

Siku zilizofuata alipanga namna ya kusema. Alipanga akiwa kwenye taipu, akiwa jikoni, akiwa anakamua. Angesimama ukumbini aseme kwamba barua yote ni uongo, aliitunga mwenyewe apate kuchapishwa. Hilo lingewaokoa wote wawili na kumwangusha yeye tu. Lilikuwa jambo sahihi na aliliona wazi. Kila alipofika pale pa kutamka kwamba yeye, Natalia Margwe, ni mwongo, alijikuta anapanga upya kuanzia mwanzo, akitafuta maneno yatakayomwachia angalau kidogo.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Hermani alikuja peke yake akakaa nyuma. Ludovika alikuja pia, peke yake, akiwa amevaa gauni la kanisani, akakaa mstari wake wa tatu na kutazama mbele. Nafasi za pande zake zote mbili zilibaki wazi. Natalia alikuwa mstari wa mbele. Sasa, alijiambia. Kabla televisheni haijawashwa. Mwalimu akatoa ufunguo wa kizimba. Sasa. Mwalimu akafungua kufuli.

Mlango wa pembeni ukafunguka na Getruda akaingia na sare yake nyeupe, kofia kichwani. Hakutafuta mahali pa kukaa. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya televisheni.

"Mwalimu, samahani, usiwashe kwanza," alisema. Kisha akawageukia watu. "Habari zenu. Yule muuguzi wa gazetini ni mimi. Siyo Ludovika. Mtoto ninaye, anaitwa Zita, ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Analelewa na mama yangu. Yaliyoandikwa ni kweli yote."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Getruda alisubiri amalize, kama anavyosubiri mgonjwa.

"Ludovika, mdogo wangu, nisamehe. Nimekaa siku sita nikikuangalia unalia, nikawa naogopa. Hermani, wewe na mama yako mmemwonea huyu binti. Mwalimu, unaweza kuwasha."

Akatoka kwa mlango ule ule. Hakumtazama Natalia wala hakumtaja. Natalia alingoja atajwe, alitamani atajwe. Alikuwa bado amekaa, na yale maneno aliyoyapanga wiki nzima yalikuwa yamebaki mdomoni yakiwa hayana kazi tena.

Ludovika aliinuka akakimbia kumfuata Getruda. Hermani alisimama, akakaa, akasimama tena, akaenda. Mwalimu Reginald alibaki na ufunguo mkononi. "Nilisema mnyama," alisema, kama anayejisemea. "Nilisema hapa hapa." Hakuiwasha televisheni siku ile. Watu waliondoka wakipita mbele ya Natalia mmoja mmoja, na hakuna aliyemtukana. Mama mmoja wa Nangwa tu ndiye aliyesimama mbele yake, akauliza, "Rafiki yako?" Natalia akasema ndiyo. Yule mama akafyonza, akaendelea na safari.

Getruda aliomba likizo ndefu bila mshahara akaondoka wiki ile ile. Alitaka afike Songea kabla habari hazijafika kwa njia nyingine, Zita asikie kutoka kwake. Natalia ndiye aliyepiga taipu ile ruhusa ya likizo. Alikosea mara tatu, akaanza karatasi upya kila mara.

Mwezi uliofuata kikaja kifurushi kutoka gazetini. Barua yake ilikuwa imechaguliwa kuwa barua bora, na zawadi yake ilikuwa fulana yenye jina la gazeti kifuani, na maneno mafupi ya mhariri: karibu utuandikie tena, mifano kama hii ndiyo tunayotaka. Natalia aliificha chini ya mahindi. Theodory aliikuta, akauliza ni ya nani, na alipoambiwa akaichana vipande viwili akaenda navyo kufutia grisi kwenye kombaini.

Ludovika na Hermani walifunga ndoa, lakini si mwezi wa kumi. Ludovika alimngojesha hadi baada ya Pasaka, na watu walisema alifanya vizuri. Natalia alialikwa na kadi kama wengine. Alikaa meza ya mwisho.

Jumapili aliendelea kwenda ukumbini kwa muda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kama kusema kitu. Mchezo ulipokwisha watu waliinuka mara moja. Siku moja kijana wa karakana, ambaye hakuwepo siku zile, alimuuliza, "Mama, leo umeuonaje?" na Natalia akasema hajui, hakuwa ameutazama vizuri. Kisha akaacha kwenda.

Getruda alirudi mwezi wa kwanza, kabla ya harusi ile, shule zilipofunguliwa, na hakuja peke yake. Natalia alikutana nao asubuhi kwenye bomba la maji. Binti alikuwa mrefu kuliko alivyomfikiria, mwembamba, mwenye sweta kubwa kwa ajili ya baridi ya huku ambayo alikuwa hajaizoea. Walikuwa wamekinga ndoo. Natalia angeweza kugeuka. Ndoo yake ilikuwa bado tupu na hakuna aliyemwona. Alisogea.

"Shikamoo," binti alisema.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Getruda aliangalia maji. "Huyu ni mwanangu, Zita," alisema. "Zita, huyu anaitwa mama Natalia. Anafanya kazi ofisini."

Zita akamtazama vizuri. Ilionekana jina lile analijua. "Mama alisema wewe ulikuwa rafiki yake wa kwanza alipofika huku," alisema.

"Ndiyo," Natalia alijibu. "Nilikuwa." Safari hii hakungoja apange. "Zita, mimi ndiye niliyeandika habari za mama yako kwenye gazeti. Sikumwomba ruhusa. Nilifanya vibaya sana. Mama yako hakuwa na kosa lolote, na huyo Ludovika naye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nilikaa kimya."

Binti alimgeukia mama yake. Getruda alifunga bomba, akakunja kata ya kanga, akaiweka kichwani kwa mwanawe, akamsaidia kujitwisha ndoo. Akainua ya kwake.

"Nimesikia, Natalia," alisema.

Wakaondoka kwa njia ya zahanati, mama mbele na binti nyuma akijifunza kutembea bila kumwaga. Natalia aliweka ndoo yake chini ya bomba, akafungua maji.